Chumvi kwenye majani ya mchu hairushwi na mawimbi

Ndugu uliyeuliza kama zile punje nyeupe kwenye majani ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ni maji ya bahari yaliyokauka: sivyo, mti wenyewe ndio unaozitoa. Nimekulia Mikindani, Mombasa, mikoko iko nyuma ya nyumba. Chagua jani la juu kabisa, maji yakijaa yasikofika, lioshe, ulipanguse, kisha urudi kesho yake jua likiwa kali. Utazikuta tena. Lilambe, utakunja uso.

Mizizi ya mchu huzuia sehemu kubwa ya chumvi, na ile inayopenya husukumwa nje na vitezi, viungo vidogo vya kutolea chumvi vya kwenye majani. Ndani ya seli mti hutengeneza betaini, kemikali inayousaidia kushikilia maji yake bahari isiyavute. Ule mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu juu ya tope hauna vitezi hivyo. Kazi yake karibu yote iko mizizini.

Lakini mimi unaonishangaza zaidi ni mkandaa, aina nyingine ya mikoko. Kwangulia gome lake kwenye maji yatageuka mekundu kama chai kavu iliyokolea. Ile ni tanini, kemikali iliyomo kwenye gome na majani. Wazee walichovya nyavu za pamba humo zisioze upesi, kabla ya nailoni kuingia, na ngozi zilitengenezwa kwa hiyo hiyo zisioze, kwa sababu tanini hung'ang'ania protini. Sasa fikiria mdudu anayetafuna jani: tanini inakamata protini za chakula chake na vimeng'enya vinavyomsagia chakula tumboni, anakula asishibe. Mti haukutuwekea sisi rangi, ulikuwa ukijilinda. Jani likianguka na kulowa, tanini nyingi hutoka, na kaa huliburuta shimoni.

Halafu ile harufu ya mayai viza ya huku mikokoni ambayo watu hufunga vioo vya matatu kwa ajili yake. Si maji taka yote (ingawa maji taka yapo, tusidanganyane). Ni gesi ya salfa inayotolewa na bakteria kwenye tope lisilo na hewa, na ni sumu kwa mizizi. Mchu huteremsha oksijeni kupitia vile vijiti vinavyochomoza topeni, nyingine huvuja na kuipunguza makali sumu hiyo. Chimbua kidogo kwa kidole: tope jeusi, lakini kandokando ya mzizi kuna utando wa rangi ya kutu. Hapo chuma cha topeni kimekutana na oksijeni.

Ukitaka gome la kujaribia, okota la tawi lililoanguka. Mti ukizungushiwa kisu hufa, na kukata mikoko bila kibali ni kesi.