Nati za skuta na kutu ya ekzosi: kwa mnaoanza gereji hapa Mbeya

Mteja akikuletea skuta analalamika kwamba ekzosi inapiga kelele, usikimbilie kuichomelea. Subiri ipoe, shika ncha yake ya nyuma, uitikise juu na chini. Mara nyingi utakuta inacheza. Bomba lenyewe bado zima, ila bolti zinazolishikilia zimelegea, na mwenye skuta hana habari kwa sababu zimejificha nyuma ya matope.

Elewa kwanza ekzosi ya skuta imefungwaje. Mbele inashikwa na stadi mbili nyembamba, yaani bolti zisizo na kichwa zinazofungwa kwa nati, kwenye hedi ya silinda. Nyuma inashikwa na bolti nene, mbili au tatu, kwenye ubavu wa injini. Hizo za nyuma ndizo zinazobeba uzito. Zile stadi za mbele kazi yake ni kubana gasketi tu, ile pete inayoziba moshi usivuje. Bolti za nyuma zikilegea, uzito wote unahamia mbele. Skuta inapita mashimo ya mitaa ya Isyesye au Igawilo, ekzosi inapigapiga, gasketi inaanza kuvuja moshi, na mwisho stadi inakatikia ndani ya alminiamu ya hedi. Hapo kazi ya dakika chache imegeuka kazi ya kutwa: kutoboa, kuchonga uzi upya, pengine kushusha hedi nzima. Kwa hiyo kila skuta inayoingia gereji, hata kama imekuja kubadilisha oili tu, pitisha spana kwenye bolti za nyuma za ekzosi. Usisubiri kuambiwa.

Kufungua nati ya ekzosi iliyoshika kutu ni kazi ya uvumilivu. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi zinazoonekana, weka mafuta ya kulainisha kutu, gonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo, halafu uiache. Ukiweza, weka jioni ufungue asubuhi. Unapofungua, tumia soketi au spana ya ringi, kamwe usitumie plaisi. Ikizunguka kidogo na kuanza kugoma, irudishe ndani, ongeza mafuta, ifungue tena. Nenda ukirudi hivyo mpaka itoke. Anayeongezea spana bomba refu ili apate nguvu, huyo ndiye anayekata stadi.

Wakati wa kufunga, anza kila nati na bolti kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, uzi umeingia upande: itoe, izungushe kinyume mpaka usikie imeshuka kidogo mahali pake, ndipo uingize. Zote zikishashika, kaza nati za mbele kwa zamu, kidogo kidogo, kisha umalizie bolti za nyuma. Ukianza kukaza nyuma, bomba linakaa limejipinda na stadi zinabaki zikivutwa muda wote. Gasketi iweke mpya. Ya zamani imeshabanwa, haizibi tena. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi za stadi, mwenzako atakayefungua baadaye atakushukuru.

Nguvu ya kukaza nayo ina kiasi. Bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, inataka kama Nm 10 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) tu inapoingia kwenye alminiamu. Ya milimita 8 inataka kama Nm 22. Kama gereji haina spana ya kupimia, shika spana fupi karibu na kichwa na utumie kifundo cha mkono, siyo bega. Ukishakaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukivunjika, unaona kwa macho kwamba nati imetembea.

Sasa kutu. Ya nje kila mtu anaiona. Ya ndani ndiyo inayotoboa ekzosi, na hapa kwetu baridi inaisaidia sana. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Ekzosi ikiwa ya moto, mvuke unatoka. Lakini mtu wa Uyole anayewasha asubuhi ya Juni, akaenda dukani na kurudi, ekzosi yake haijapata moto mpaka nyuma. Maji yanabaki yametuama chini. Mshauri mteja wa namna hiyo aipeleke skuta safari ndefu kidogo mara kwa mara. Nyingi zina tobo dogo chini ya sailensa la kutolea maji. Lizibue kwa waya, na umkataze yeyote kulichomelea akidhani ni ugonjwa.

Wateja wa Tukuyu wana shida ya nje zaidi. Mvua za Rungwe zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, na tope linalojazana kati ya ekzosi na bano lake linakaa na unyevu siku nzima. Oshea hapo kwanza, ekzosi ikiwa imepoa, bila kuelekeza maji kwenye tundu la moshi. Wengine hupaka oili chafu ili kuzuia kutu. Ikatae njia hiyo: inaungua, inatoa moshi, inashika vumbi, na ikichuruzika kwenye tairi au breki utamuua mtu.

Kupaka rangi, toa kutu kwa brashi ya waya, pitisha msasa mpaka uone chuma, futa kwa tina, kisha upulize rangi ya kuhimili moto, tabaka nyembamba nyembamba. Rangi ya kawaida ya mafuta itababuka siku hiyohiyo. Ikikauka, washa injini muda mfupi, iache ipoe, washa tena kwa muda mrefu zaidi. Rangi hiyo inakomaa kwa joto. Baada ya safari ya kwanza mwambie mteja arudi, na ekzosi ikiwa ya baridi, pitia tena nati za mbele na bolti za nyuma kwa spana. Gasketi mpya hushuka kidogo ikishapata moto, na usimtoze hela kwa hilo.