Maswali na Majibu: Rangi, Karatasi na Ndoto za Watoto wa Makao

Safu hii mwezi huu inajibu barua za walezi na watu wanaojitolea kufundisha sanaa katika makao ya watoto.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mlezi katika makao yenye watoto 32. Tunataka kuanza kipindi cha kuchora lakini fungu la kununulia rangi hatuna. Tufanyeje?
*Mama mlezi, Morogoro*

Mama, anzeni na mkaa na unga wa ngano.

Kalamu za mkaa mtatengeneza wenyewe. Chukueni kopo la maziwa lenye mfuniko wa bati, mtoboe mfuniko tundu moja kwa msumari. Lijazeni vijiti vikavu vyenye unene wa penseli, vilivyobanduliwa maganda, mfunike na kuliweka kwenye jiko lenye moto mzuri. Moshi utatoka kwenye tundu. Moshi ukikatika, vijiti vimeiva. Epueni kopo na mliache lipoe kabisa. Wengi huharibu hapo: kopo likifunguliwa lingali la moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka na kinachobaki ni majivu. Kazi hii ni ya mtu mzima.

Kwa rangi, korogeni kikombe 1 cha unga katika kikombe 1 cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Mimineni taratibu kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka, mkiendelea kukoroga kwa moto mdogo dakika kama 5, kisha tieni vijiko 2 vya chumvi. Uji huo ukishapoa, ugaweni kwenye vikopo. Bizari ya manjano inatoa njano. Mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa unatoa nyeusi. Udongo mwekundu uliochekechwa unatoa kahawia nzuri sana. Bluu tumieni rangi ya chakula, nayo ikikutana na manjano mnapata kijani. Tieni magadi kidogo kwenye manjano uone: yanageuka mekundu ya kutu papo hapo. Waachieni watoto wafanye hilo wenyewe. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, au nyuzi za katani zilizofungwa kwenye kijiti.

Uji huo kwenye joto haupiti siku 2. Ukianza kunuka uchachu, mwageni. Ukipakwa mzito, hupasuka na kubanduka ukikauka. Panya na mende nao wanaupenda, kwa hiyo picha zikishakauka zihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Msikubali mabaki ya rangi ya mafuta ya kupaka nyumba, hata yakiletwa bure. Baadhi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na mvuke wa thina, ile ya kuyeyushia rangi, haufai chumbani. Ni kweli mchoraji Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za namna hiyo juu ya mbao. Alikuwa mtu mzima.

Rimu moja ina karatasi 500. Watoto 32 wakipata karatasi 2 kila mmoja kwa wiki, rimu itakwisha baada ya wiki 7 na ushee, basi pangeni hivyo. Msiwakusanye wote kwa pamoja. Watoto 8 kwa mtu mzima mmoja wanatosha, kwa saa moja na robo, siku ileile na saa ileile kila wiki. Wakizidi hapo, mlezi anageuka askari wa kugawa rangi, na mtoto mkimya hamuoni tena.

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo kubwa: kila mtoto awe na jalada lake la boksi, jina aandike mwenyewe. Kwenye makao, saa ya kula, nguo, kitanda, hata sabuni, vyote vimeamuliwa na mtu mwingine. Karatasi iwe mahali ambapo yeye ndiye anayeamua. Akitaka ng'ombe wa bluu, ng'ombe ni wa bluu.

Najitolea kufundisha uchoraji kila Jumamosi. Nikiwaambia watoto wachore ndoto zao, karibu wote wanachora daktari au rubani, na picha zinafanana. Nakosea wapi?
*Mwalimu wa kujitolea, Dar es Salaam*

Swali lenyewe ndilo linaloleta jibu hilo, mwalimu. Watoto wa makao wameulizwa "ukikua unataka kuwa nani?" na kila mgeni aliyeleta mchele na sabuni. Wamejifunza jibu linalomfurahisha mgeni. Picha zinafanana kwa sababu hakuna aliyechora ndoto, wamechora jibu.

Acha kuuliza kuhusu kazi, uliza kuhusu siku. Waambie: "Una miaka 25. Ni Jumanne asubuhi, umeamka. Chora mlango wa chumba ulicholala." Mlango tu, dakika 10. Kisha ongeza kimoja kimoja, ukimpa kila mtu muda amalize: nje ya mlango kuna nini? Nani anabisha hodi? Mkononi umeshika nini? Mezani kuna chakula gani? Hapo ndipo utaanza kuona tofauti. Mmoja atachora kufuli kubwa na funguo ziko mkononi mwake. Mwingine atachora vikombe viwili vya chai, na wa tatu cherehani karibu na dirisha. Mtoto anayetamani chumba chenye funguo yake ana ndoto kamili, hata kama haina jina la kazi.

Wiki inayofuata, kunjeni karatasi sehemu tatu. Sehemu ya kulia wanachora ile asubuhi. Ya kati, mwaka mmoja kabla yake. Ya kushoto, wiki hii. Hiyo ya kushoto ina sharti moja: liwe jambo ambalo mtoto anaweza kulifanya bila fedha za mtu mzima. Aliyechora cherehani anaweza kujifunza kushona kifungo na kupinda ukingo wa kitambaa kwa mkono. Mtafutie sindano na uzi, kisha umwombe fundi wa jirani aje aketi naye saa moja. Bila sehemu ya kushoto, zoezi zima linabaki pambo la ukutani.

Mambo yanayoharibu ni machache lakini yanajirudia. Usishike mkono wa mtoto ukamsahihishia mstari. Ukishauchora wewe, picha si yake tena. Usitoe zawadi kwa picha nzuri, maana wiki ijayo wote watamwiga mshindi. Usianze na "chora familia yako", kwani kwa baadhi yao hilo ndilo jeraha lenyewe. Na usiahidi kumsomesha mtu. Mtoto wa makao ameshaahidiwa mengi na watu ambao hakuwaona tena. Kama unajua utaondoka mwezi wa sita, waambie tangu siku ya kwanza, uwaonyeshe kwenye kalenda.

Kuna mtoto wa miaka 9 anayepaka karatasi nzima nyeusi, kisha anaichana. Wenzangu wanasema ana mapepo. Nifanye nini?
*Mlezi, Mwanza*

Usimtafsirie picha yake, na wengine uwazuie. Nyeusi inaweza kuwa huzuni, inaweza kuwa usiku, na inaweza kuwa tu kwamba mkaa unateleza vizuri kwenye karatasi. Kaa pembeni yake, useme, "Niambie kuhusu picha hii." Akinyamaza, inatosha. Kuchana mruhusu, ila uweke bahasha ya vipande ndani ya jalada lake. Siku akitaka, atavibandika kwa gundi ya uji. Asiyetaka kuchora kabisa mpe kazi ya kuchanganya rangi. Wengi huingia kwa mlango huo.

Akisema, kwa maneno au kwa picha, kwamba ameumizwa, msikilize hadi mwisho bila kumhoji. Usimwahidi kuwa ni siri. Mwambie amefanya vema kusema, na kwamba utamweleza mtu anayeweza kumlinda. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, umpelekee Afisa Ustawi wa Jamii siku hiyohiyo. Namba 116, ya bure, hupokea taarifa za watoto Tanzania na Kenya pia. Kama anayetajwa ni mtu wa humo ndani ya makao, usianzie kwa uongozi wa makao.

Wafadhili wanataka tuuze picha za watoto kwenye mnada. Ni sawa?
*Meneja wa makao, Mombasa*

Picha ni mali ya aliyeichora. Mtoto akikubali mbele yako, bwana meneja, usihesabu kuwa amekubali, kwa sababu wewe ndiye unayeshika chakula na karo yake. Aulizwe faraghani na mtu asiye na mamlaka hayo, na aulizwe tena kesho yake. Akikataa, jambo limeisha.

Akikubali, uzeni nakala iliyochapishwa. Ya asili ibaki kwenye jalada. Msiandike jina lake kamili, jina la makao wala kisa cha yatima chini ya picha. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inalinda faragha yake kama ya mtu mwingine yeyote. Fedha ziandikwe, naye aonyeshwe zilikokwenda.

Tena, mkakati wa Kenya wa kurekebisha malezi ya watoto, wa 2022 hadi 2032, unalenga kuwarudisha watoto kwenye malezi ya familia. Jalada liondoke na mtoto. Msibakishe picha nzuri kwa ajili ya ukumbi wa wageni.

Kijana wetu wa miaka 17 anachora vizuri mno, naye karibu anaondoka makao. Aelekee wapi?
*Mlezi, Kibaha*

Anzeni mwaka mzima kabla hajaondoka. Achague kazi 10 hadi 15, mzipige picha mchana kivulini, bila mmweko wa kamera, na kila moja iwe na tarehe na vipimo vyake. Apelekwe TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoko Bagamoyo, aulize mwenyewe sifa za kujiunga na ada. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, na kuna ushirika wa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, ambao ufundi wao umekuwa ukirithishwa mkono kwa mkono. VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, nayo isidharauliwe: uandishi wa mabango na uchapaji wa fulana humlipa mtu kodi ya chumba huku akiendelea kuchora. Kabla ya lolote, hakikisheni ana cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, akifika miaka 18. Mlango wa chuo humfungia mwenye kipaji kwa kukosa karatasi hizo mbili.