Kabla Kofia ya Jino Lako Haijaingia Tanurini

Mwalimu mmoja wa Njoro aliingia maabarani kwetu akiwa ameziba mdomo kwa leso. Kofia ya jino niliyomtengenezea, ile ambayo wengi hapa Nakuru huiita krauni, ilikuwa na siku tatu tu mdomoni. Alipoiondoa leso akasema, "Fundi, hili jino si langu." Alisema kweli. Lilikuwa jeupe pee, limekaa kati ya meno yenye michirizi ya kahawia kama punje iliyopachikwa kwenye gunzi la mahindi mengine.

Aliyekulia ukanda huu anaijua michirizi hiyo. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanajijenga ndani ya taya, meno huota yakiwa na madoa tayari. Ndiyo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilishughulika na vichujio vya mkaa wa mifupa, vinavyopunguza floridi kwenye maji.

Karatasi ya oda kutoka kwa daktari iliandikwa rangi A2, nami nikaifuata bila kuuliza. Kibao cha rangi tunachotumia sana kina vijino 16, A1 hadi D4, na hakuna hata kimoja chenye madoa. Rangi yenyewe ilichaguliwa jioni, chini ya taa. Tangu siku hiyo nawaomba wagonjwa jambo moja: kama jino ni la mbele, rangi ichaguliwe mchana karibu na dirisha, midomo isiwe na rangi ya vipodozi, tena kabla jino halijachongwa. Mdomo ukikaa wazi kwa muda, meno hukauka na kuonekana meupe kuliko yalivyo. Kama maabara iko mjini humo humo, mwombe daktari akutume kwa fundi. Mimi nikiuona uso wako nafanya kazi tofauti kabisa na nikiona herufi mbili kwenye karatasi. Na kama unataka kung'arisha meno, ng'arisha kwanza, kwa sababu dawa haibadilishi rangi ya kauri.

Kofia ya chuma na kauri huanza kwa nta. Namimina plasta ngumu kwenye kipimo cha meno yako, yaani alama ya meno iliyobaki kwenye dawa laini iliyogandia mdomoni, napata nakala, kisha juu ya nakala ya jino lililochongwa najenga umbo kwa nta. Nta hiyo nazungushia plasta inayostahimili moto na kuitia tanurini. Inaungua yote, inaacha tundu lenye umbo lake, na chuma kilichoyeyushwa kinarushwa humo kwa mashine inayozunguka kwa kasi. Inatoka kofia nyembamba, isiyozidi nusu milimita sehemu nyingi. Naipaka tabaka zito la kuficha weusi wa chuma, halafu unga wa kauri uliolowekwa, kwa brashi, tabaka baada ya tabaka. Kila tabaka huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900, nalo husinyaa, kwa hiyo nalijenga jino kubwa kuliko ninalolitaka. Hapo ndipo siku zako zinapokwenda. Usimharakishe fundi.

Zirikonia, aina ya kauri ngumu sana, ni njia nyingine: mashine inayoongozwa na kompyuta huchonga kipande kilicho laini kama chaki, kikubwa zaidi kwa takriban asilimia 20 hadi 25, kisha tanuri la nyuzi 1,500 hivi hukisinyaza hadi kimo chake. Kama hereni za bei nafuu hukuwasha masikio, mwambie daktari mapema, maana chuma tunachotumia kwenye kofia za chuma na kauri mara nyingi kina nikeli.

Lakini hakuna tanuri linaloweza kuokoa kipimo kibaya. Nimewahi kupokea kipimo kilichosafiri kwa matatu kutwa nzima, kimekauka na kusinyaa. Kofia ilikaa sawasawa kwenye plasta, ikayumba mdomoni, na mgonjwa akalazimika kurudi kuanza upya. Kwa hiyo dawa ya kipimo ikiwa mdomoni tulia, pumua kwa pua. Daktari akitaka kurudia, mkubalie.

Yule mwalimu nilimkalisha dirishani saa nne asubuhi nikayachora madoa yake kwenye kofia mamoja mamoja, nikayachoma pamoja na mng'ao wa mwisho.

Siku ya kuvalishwa, omba kioo na uliangalie jino kwenye mwanga wa nje kabla ya gundi. Ng'ata ile karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogusana, telezesha taya kushoto na kulia. Ukihisi jino hilo linagusa kabla ya mengine, sema hapo hapo hata kama foleni ni ndefu. Kulisaga kidogo ni kazi ya dakika chache. Likishagandishwa, kulitoa mara nyingi ni kulikata vipande, nami narudi kwenye plasta.