Mkuu, usimwage woshi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta (F-14A ya 1/48)

Mkuu, funga hicho kichupa kwanza. Umeandika kwamba Tomcat yako ya Tamiya ya 1/48 (modeli ya plastiki ya ndege ya kivita ya F-14, ndogo mara 48 kuliko ya kweli) umeipiga rangi ya Humbrol jana, namba 145 juu, 128 ubavuni, 127 tumboni, na leo jioni unataka kuimwagia woshi ya inameli (rangi nyepesi kama maji ya kutia kivuli mifereji) kwenye mistari ya paneli "kama jamaa wa kwenye video". Halafu ukauliza na viti vya marubani, makombora ya kuning'iniza, na mabawa yakae yamefunguka au yamerudi nyuma. Hayo yatasubiri. Ukimwaga hiyo woshi leo, kesho hutakuwa na ndege ya kuning'inizia kombora.

Humbrol ya inameli ni rangi ya mafuta. Inayeyuka kwa spiriti nyeupe. Woshi ya inameli nayo imekorogwa kwa kiyeyushi cha ukoo huohuo. Rangi ya jana imekauka ngozi ya juu tu. Ndani bado mbichi, na itabaki hivyo kwa siku kadhaa, wiki nzima ukiwa umepuliza nene. Ukimwaga woshi, kiyeyushi kinaingia kwenye kijivu chako na kukilainisha kimyakimya. Hutaona kitu. Utasubiri zile dakika ishirini, utachukua kijiti cha pamba, utapangusa mara moja, na pamba itatoka na kijivu chote mpaka plastiki ikuchungulie. Inaanzia kwenye kingo: ukingo wa mbele wa bawa, midomo ya viingizia hewa, ncha za mikia miwili. Kwenye kona rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, ndiyo maana kona hufa kwanza. Ukiogopa ukaongeza spiriti ili "kusafisha", unapata tope la kijivu na nyeusi ambalo linajaza mistari yote uliyotaka ionekane. Usiniulize nimejuaje. Kuna bawa moja liko kabatini, halipokei wageni.

Sasa huyo jamaa wa kwenye video. Namjua aina yake. Anamwaga woshi kama anamwagilia mchicha, anapangusa, ndege inang'aa, muziki unapigwa. Asichosema ni kwamba chini kapuliza rangi ya laka, na kiyeyushi cha inameli hakiigusi laka iliyokauka. Yeye anaweza kusugua mpaka asubuhi. Wewe ukiiga hatua zake juu ya Humbrol, unafanya kazi nyingine kabisa: unafuta rangi. Sekunde tano tu za kusema "chini nina laka" zingeokoa ndege za watu. Na yule muuzaji anayekwambia "kichupa hiki kinafaa juu ya rangi yoyote", muulize kama na hasara anailipa yeye.

Kanuni ni moja, iandike kwenye kifuniko cha boksi: cha juu kisiwe na kiyeyushi kinachoyeyusha cha chini. Ukali wa viyeyushi una ngazi. Tina ya laka ndiyo kali zaidi. Spiriti nyeupe na tina ya inameli ziko chini yake. Petroli ya kujazia viberiti vya chuma ni laini zaidi na inaruka upesi. Akriliki, rangi isiyo ya mafuta, iko pembeni na adui zake: spiriti ya hospitali na amonia. Tina ya mafundi wa magari usiilete hata mezani, ile inakula plastiki yenyewe.

Kwa hiyo wewe mwenye Humbrol unahitaji ukuta katikati, na ukuta wako ni vanishi ya akriliki inayong'aa. Tamiya X-22 inatosha. Usikimbilie vanishi ya laka kwa sababu umesikia ni ngumu. Ni ngumu kweli, lakini ukiipuliza kwa wingi ikalowesha juu ya inameli ambayo haijaiva, rangi inajikunja na kupasukapasuka. Hapo utakuwa umeokolewa motoni ukatupwa baharini.

Kwanza subiri. Weka pua karibu na bawa: ukisikia harufu ya rangi, haijaiva, basi. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho. Kisha changanya X-22 na tina yake ya akriliki X-20A, nusu kwa nusu. Kompresa iwe kwenye psi 15 hivi (kipimo cha shinikizo la hewa), eabrashi, yaani bomba la kupulizia rangi, iwe sentimita kumi mpaka kumi na tano kutoka kwenye ndege. Matabaka mawili ya kwanza yawe vumbi tu, upite haraka bila kulowesha, uache dakika kumi kati yake. La tatu ndilo la kulowesha, likae kama kioo. Halafu rudia tabaka moja jepesi kwenye kingo nilizotaja, kwa sababu vanishi nayo hukimbia kona kama rangi. Iache siku mbili kamili. Walioko Dar, Tanga, Mombasa au Muscat wasipulize siku ya mvua au usiku wenye unyevu mzito: vanishi inaweza kutoka na ukungu mweupe, na hapo utalaumu chapa bure.

Stika za maji (alama na namba za ndege) ziingie hapa, juu ya mng'ao huu, siyo juu ya rangi isiyong'aa. Juu ya uso wenye mikwaruzo hewa inabaki chini ya stika na kumeremeta kama rangi ya fedha. Stika zikikauka, piga tabaka lingine jepesi la X-22 juu yake ili woshi isiingie chini ya kingo zake.

Na kijiko. Wakati unapaka ndege, paka na kijiko cha plastiki kwa mpangilio uleule: praima, Humbrol, X-22, siku zilezile. Woshi ianzie kwenye kijiko. Ipake, subiri nusu saa, sugua kwa nguvu kuliko utakavyosugua ndege. Pamba ikitoka na kijivu, ndege haiguswi. Kijiko hakina mikia miwili wala bei ya Tamiya.

Woshi yenyewe, achana na nyeusi tupu. Juu ya kijivu hafifu cha jeshi la wanamaji la Marekani, nyeusi inaigeuza ndege kuwa chandarua. Chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, kijivu cha Payne (kijivu cheusi chenye ubuluu) na kahawia kidogo, sehemu moja kwa spiriti nyeupe kama kumi. Tumboni iwe hafifu zaidi. Usipake ndege nzima. Gusa pale mistari inapokutana kwa ncha ya brashi, iache ikimbie yenyewe kwenye mfereji. Baada ya nusu saa pangusa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo sana kisha kukamuliwa, kutoka mbele kwenda nyuma, upande hewa inakopita. Mahali palipokataa kutoka, tumia ile petroli ya viberiti, kamwe si spiriti ya hospitali, maana hiyo inakula ukuta wako wa X-22 na unarudi kwenye lile tope.

Kuna mtego wa pili ambao video hazigusi kabisa. Woshi ikimwagwa kwa wingi inapenya kwenye viungo na kuingia ndani, ambako plastiki haina rangi wala vanishi. Kiyeyushi cha inameli juu ya plastiki tupu iliyobanwa au kupindwa huifanya ipasuke, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Kwenye Tomcat angalia miguu ya magurudumu, egemeo la mabawa, na kipande chochote ulichokilazimisha kwa gundi na masking tepu. Ndege imesimama vizuri Jumatatu, Alhamisi imepiga magoti. Maeneo hayo yape tone moja kwa ncha ya brashi, siyo mafuriko.

Kuhusu ule uchafu wa kweli wa Tomcat, siri haiko kwenye woshi. Rangi hizi tatu, 35237, 36320 na 36375 kwa namba za FS (orodha rasmi ya rangi ya serikali ya Marekani), zilianza kuenea miaka ya mwanzo ya 1980, na ndege iliishi juu ya meli, kwenye chumvi. Kila kutu ilipochungulia, mabaharia walipaka kiraka cha kijivu kipya, leo hapa, kesho pale, na vivuli havikulingana. Matokeo ni ndege ya viraka. Chukua 128 yako, tia tone la nyeupe au 127, iwe nyembamba, tina robo tatu, psi 10, na upulize madoa ya milimita tatu mpaka tano kandokando ya mistari ya paneli na vifuniko, yasifanane. Hii inafanyika kabla ya X-22. Inameli juu ya inameli hapa haina shida, kwa sababu ni vumbi lisilosuguliwa. Wanaotengeneza Tomcat ya Iran waruke kipengele hiki. Ndege zile 79 zilifika huko miaka ya 1970 zikiwa na rangi za jangwa, na adui yao mkubwa alikuwa jua, siyo bahari.

Juu ya mwili, pale bawa linapoingia, weka alama za msuguano zenye umbo la upinde, si mistari iliyonyooka. Bawa lilisogea kutoka nyuzi 20 mpaka 68 angani, na 75 likiegeshwa melini, likisuguana na vizibo vya juu kila safari. Tumia rangi ya mafuta ya wachoraji iliyowekwa kwanza kwenye kadibodi ili inyonywe mafuta, brashi karibu kavu. Masizi ya mzinga ni upande wa kushoto wa pua tu. Wengi huweka pande zote mbili.

Kama ulishaanza kumwaga kabla hujasoma hapa, usipanguse. Iache ikauke siku mbili tatu, ikatwe kwa msasa wa maji wa 2000, upulize kijivu upya, uisubiri iive, kisha X-22. Rangi ya mafuta ya wachoraji nayo ipe siku tatu kabla ya vanishi ya mwisho isiyong'aa, na hiyo nayo iwe ya akriliki. Tepu ya kioo cha rubani ibaki mpaka hapo.