Makaa ya mawe ya Kitui na mtambo wa Lamu: nafuu kwa nani?

Asalaam aleikum wanajukwaa. Ndugu yetu ameuliza swali ambalo hata hapa Mombasa huzuka kila bili za stima zikipanda: Kitui kuna makaa ya mawe, Lamu kulikuwa na mpango wa mtambo mkubwa, sasa mbona tumekalia mali? Akaongeza kwamba kwa maoni yake mradi wa Lamu uliuawa na wanaharakati wanaolipwa na Wazungu, ilhali Ulaya yenyewe ilitajirika kwa makaa hayo hayo. Nitamjibu kwa kirefu kidogo, maana riziki yangu nimeitafuta miaka mingi bandarini Kilindini kwenye mizigo ya kumwaga, ile isiyokuja kwa kontena, na makaa ya mawe yalikuwa mojawapo.

Wengi hawajui kwamba makaa hayo huingia Mombasa. Hayaendi kwenye stima, yanakwenda kwenye matanuri ya saruji. Kuchoma mawe ya chokaa mpaka yawe klinka, vile vipande vinavyosagwa kuwa saruji, kunahitaji joto la karibu nyuzi 1,450, na viwanda viliona makaa yanavigharimu kidogo kuliko mafuta mazito. Mzigo mwingi niliouona ulitoka Afrika Kusini, umepakiwa Richards Bay.

Ukikaa na mzigo ule unajifunza jambo ambalo wanasiasa hawalisemi jukwaani: jiwe lenyewe ndilo sehemu ndogo ya hesabu. Meli ikisubiri nje nangani kwa sababu gati limejaa, mwenye meli anahesabu siku zake kwa dola. Mvua ikinyesha wakati wa kupakua, makaa yananywa maji: kwenye mizani lori linakuwa zito zaidi, lakini tanurini joto linapungua. Nimeshuhudia muuzaji na mnunuzi wakivutana wiki nzima juu ya unyevu tu, kila mmoja na cheti chake cha maabara. Rundo likikaa ghalani muda mrefu linaanza kupata joto lenyewe kwa ndani na kufuka moshi, kwa hiyo lazima ligeuzwe na kumwagiwa maji, na hapo unyevu unarudi tena. Kisha kuna malori, maturubai, dizeli, na vumbi jeusi linaloingia vifuani mwa makuli ambao hakuna aliyewahi kuwapima mapafu.

Sasa chukua hali hiyo uipeleke Kwasasi, Lamu. Mtambo uliopangwa na kampuni ya Amu Power ulikuwa wa megawati 1,050, gharama yake kama dola bilioni 2. Mtambo wa ukubwa huo ukifanya kazi kikamilifu unakula tani kama 9,000 hadi 10,000 za makaa kwa siku. Kwa lori la tani 28, hayo ni malori zaidi ya 300 kila siku ya Mungu. Na makaa ya kuanzia hayakuwa ya Kitui, yalikuwa ya kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Ya bonde la Mui, kule Kitui, yangefuata baadaye, ambapo kati ya Mui na Lamu hakuna hata reli. Kwa hiyo ile kauli ya "makaa yetu wenyewe, stima rahisi" ilianza na makaa ya watu wengine, yanayonunuliwa kwa dola.

Hapo bado sijafika kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni mkataba wa kuuza stima.

Mitambo mingi ya kibinafsi hapa kwetu hulipwa kwa namna mbili. Kuna malipo ya stima uliyotumia, na kuna malipo ya mtambo kuwa tayari, utumie usitumie. Sisi wa Mombasa tumeishi na mikataba ya namna hii. Pale Kipevu kulikuwa na mtambo wa kibinafsi wa mafuta mazito, megawati 74, mkataba wa miaka 20 ulioisha 2021. Lakini 74 ni kidogo. Kwa Lamu, wachambuzi wa IEEFA, taasisi ya utafiti wa fedha za nishati, waliosoma mkataba walikadiria mwaka 2019 kwamba Kenya Power ingelipa takriban dola milioni 360 kila mwaka kwa mtambo kuwa tayari tu, kwa miaka 25. Zidisha mwenyewe: dola bilioni 9, hata kama balbu moja haikuwashwa kwa stima ya pale.

Na isingewashwa sana. Mwaka ule wa 2019, kilele cha matumizi ya stima nchini, jioni kila mtu akiwa nyumbani, kilikuwa karibu megawati 1,900. Mtambo mmoja tu ungekuwa zaidi ya nusu ya kilele hicho. Usiku wa manane matumizi hushuka sana, na tayari kule Olkaria mvuke wa ardhini huachiwa hewani usiku kwa sababu hakuna wa kununua stima yake. Boila ya makaa haizimwi na kuwashwa kama jiko la gesi. Ina maana tungelazimika kuzima mvuke wetu, ambao hauna meli wala dola ya mafuta, ili tuchome makaa ya kununua, ama tulipe mtambo ulale.

Mwenye shaka kwamba Kenya inaweza kulipia stima isiyofika aikumbuke Turkana. Mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, laini ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikachelewa hadi 2018, na fidia ya mabilioni ya shilingi ikalipwa. Upepo wenyewe haukuwa na kosa, mkataba ndio uliomweka mwananchi katikati. Chukua bili yako leo usome mistari yake: kuna mafuta, kuna marekebisho ya dola. Kila hatari ambayo mwekezaji aliikataa imepata mahali pa kulala, na mahali penyewe ni hapo.

Kwa nini basi serikali iliukubali? Jibu langu ni kwamba mpango ulizaliwa 2013 na ahadi ya megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Ulitegemea reli ya umeme, viwanda vya chuma, miji mipya, na hesabu ya matumizi ikapandishwa ili ifanane na ndoto. Viwanda havikuja kwa kasi ile. Na kwenye biashara hii, mwenye faida ya hakika ni anayejenga na anayekopesha, kwa sababu wao hulipwa kwa kujenga na kwa kuwa tayari. Wa mwisho kwenye foleni ni fundi cherehani wa Majengo anayenunua tokeni ya shilingi hamsini.

Kuhusu wanaharakati, ndugu yangu, hapo umewakosea watu. Nina wakwe Lamu, nimekaa nao barazani wakati ule. Waliokuwa wakisimama kuzungumza walikuwa wavuvi, wachongaji, na kina mama. Hofu yao ilikuwa maji ya bahari kunyonywa kupoza mitambo na kurudishwa ya moto kwenye mikoko na mazalia ya kamba na samaki, na jivu kurundikwa karibu na ufuo. Hawakuwa wakibahatisha. Bandari mpya ya Lamu ilikuwa imeshawagusa kabla, na Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili hiyo. Mtu aliyeumwa na nyoka huhitaji mfadhili wa kumfundisha kuogopa?

Na soma uamuzi wenyewe. Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanywa kabla ya utafiti wa athari kukamilika, kwa hiyo watu waliulizwa juu ya kitu ambacho hawakuwa wamekiona. Likasema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Baadaye mwaka huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa, na 2020 benki ya ICBC ya China, iliyokuwa itoe fedha nyingi zaidi, ikajitoa nayo. Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi Malindi ikaikataa rufaa ya kampuni. Benki haziondoki kwa kuimbiwa nyimbo na wanaharakati. Nazo pia zilipiga hesabu.

Hoja yako ya Ulaya ina haki, nami siibezi. Uingereza ilijenga utajiri wake juu ya makaa na ilizima mtambo wake wa mwisho wa stima ya makaa tarehe 30 Septemba 2024 tu. Kutuambia sisi tusichome hata kidogo, bila kutoa fedha za maana, ni dhuluma. Lakini haki ya kuchoma haiufanyi mkataba mbaya kuwa mzuri. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Ulaya ikapiga marufuku makaa ya Urusi, tani iliyokuwa karibu dola 50 mwaka 2020 ilipita dola 400 kwenye soko la Newcastle, Australia. Wanunuzi wa makaa ya viwanda vya saruji bandarini walikuwa wakipigana na wanunuzi wa Ulaya kwa jiwe lile lile. Fikiria mtambo wa Lamu ungekuwa unawaka mwaka huo.

Watanzania walienda njia nyingine. Makaa ya Ngaka, Ruvuma, waliyaelekeza kwanza kwenye viwanda vyao vya saruji, mwaka 2016 wakazuia makaa ya nje, na bei ilipopanda wakaanza kupakia meli Mtwara. Barabara za kusini ziliteseka na malori, lakini hakuna aliyewafunga miaka 25 kulipia mtambo uliolala.

Kwa hiyo kama Kitui itachimbwa, mimi naona soko lake ni matanuri ya saruji ya Athi River, ambayo yako karibu na Mui kuliko Lamu, na hata haya yetu ya Pwani. Kwa kiasi kidogo, mnunuzi akibeba hatari yake mwenyewe. Watu wa Mui wameishi miaka mingi bila kujua kama wapande miembe au wahame, kwa hiyo walipwe ardhi yao kabla ya tingatinga la kwanza kuwashwa. Sheria ya Madini ya 2016 imetaja mgao wa mrabaha, yaani ada anayolipa mchimbaji: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 wenyeji. Hiyo 10 iwekwe kwenye akaunti inayoonekana, na mkataba wowote wa stima utakaoletwa tena uchapishwe mzima, pamoja na ukurasa wa malipo ya mtambo uliolala.