Barua kwa mwanangu: kwa nini Kigoma ilibaki nyuma

Mwanangu,

Umenieleza kuwa wenzako kazini wanasema watu wa Kigoma walibaki nyuma kwa uvivu wao, na kwamba tangu 1961 mkoloni hayupo, kwa hiyo hatuna wa kumsingizia. Ukaniuliza kama nina la kuwajibu. Ninalo.

Wavivu? Mkonge huu wa Tanga waliukata kina nani? Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Mashamba yalipotanda hadi Korogwe na Kilosa, wenyeji wengi hawakuitaka kazi ile, maana walikuwa na makonde yao. Ikabidi watu watafutwe mbali. Na mtu hutolewa kwake bila mnyororo ukimtoza kodi ya fedha taslimu mahali ambapo hana cha kuuza. Mchagga aliuza kahawa, akalipa, akalala nyumbani kwake. Muha wa Kasulu, kule kwetu Kigoma, alikuwa na mikono yake tu. Chini ya Mwingereza, Kigoma na Songea zikahesabiwa kuwa sehemu za kutoa vibarua, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya vibarua wa mkonge, ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Babu yako alikuja hivyo: treni, kisha lori, mpaka Korogwe, manamba, yaani kibarua wa mkataba.

Halafu utasikia kwamba mkoloni angalau alituachia reli. Reli ilifika Kigoma 1914, kabla ya miji mingi inayoizidi leo! Lakini ilipakia vijana wa kiume. Wake zao walibaki na jembe na watoto, na wengi waliokwenda hawakurudi. Ndiyo maana wewe ni mzaliwa wa Tanga. Kule Moshi fedha ya kahawa ilibaki palepale, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ikaundwa 1933, ada za shule zikapatikana. Basi nchi ilipopata uhuru na ofisi zikataka makarani na walimu, unadhani walitoka wapi zaidi? Nao wakasomesha watoto wao, na hao wakasomesha wa kwao. Hapo mkoloni hakuhitajika tena.

Sisemi sisi wenyewe tulifanya vyema. Serikali ya Mwalimu ilijaribu kugawa nafasi za sekondari kimkoa, jambo lililonung'unikiwa sana na waliokwisha kutangulia. Lakini Kigoma kuwasha taa kwa majenereta ya dizeli mpaka juzi juzi, hilo ni letu, simtwishi Mwingereza. Ninachokikataa ni hesabu inayoanzia 1961, kana kwamba siku ile wote tulisimama kwenye mstari mmoja.

Ulitaka pia kujua kama bado tuna ardhi Kasulu. Ipo, wanailima ndugu wa babu yako. Ukienda likizo wasalimie, lakini habari za mipaka usiziulize. Wao ndio waliobaki wakailinda.

Baba yako