Uchumi chuo cha jamii: kazi zipo?

Umeuliza kama shahada ya miaka miwili ya uchumi kutoka chuo cha jamii huko Marekani itakupa kazi. Yenyewe peke yake, ndugu, itakufikisha kaunta ya benki, utunzaji wa hesabu au ofisi ya bima. Si haba, ila mchumi hasa kwa kawaida hudaiwa shahada ya uzamili. Kwa hiyo lenga kuhamia chuo kikuu, na hapo ndipo wengi huumia: krediti, yaani pointi za masomo uliyomaliza, zikikataliwa huko, unarudia somo kwa pesa zako. Ukiwa California, fungua tovuti ya ASSIST kabla hujajisajili, uone kila somo linapokelewaje kwenye vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Na usiikimbie kalkulasi (calculus), ile hisabati ya mabadiliko. Uchumi wa juu ni hesabu tupu, asikudanganye mtu. Ongeza takwimu na Excel, upate la kusema kwenye usaili wa kazi za uchambuzi wa data.